Mpigo wa Nani

Vua soksi, Bwana Kitsao. Zote mbili.
Hata mguu usiouma nautaka,
huo ndio utakaonipa cha kulinganisha.

Anainama polepole. Kitanda cha zahanati ya Mtongwe
kimechanika mpira, kimezibwa kwa plasta.
Soksi zimeacha mfereji juu ya vifundo,
na harufu ya buti, ya usiku kucha
langoni mwa ghala la Shimanzi,
miaka kumi na tisa, mguu nje mguu ndani.

Nageuza mkono. Mgongo wa mkono hujua joto
kuliko kiganja. Nashuka nao:
goti, vuguvugu. Muundi, vuguvugu.
Kisha hapa, upande wa kushoto, katikati ya muundi,
kama mtu aliyechora mpaka,
baridi ya kigae kabla ya alfajiri.

Ngozi yake nyeusi haitangazi mambo upesi.
Natazama nyayo. Natazama kucha,
zimenenepa, zimekuwa manjano.
Muundi unang'aa, vinyweleo vimehama bila kuaga.
"Nilidhani ni buti," asema, "linaninyoa."

Nabonyeza dole la kulia. Linapauka. Naachia.
Moja, mbili, damu imerudi.
La kushoto: moja, mbili, tatu,
nje mtu anapita na mkokoteni wa maji,
nne, tano,
sita.
Inarudi kama mdeni, kwa mlango wa uani.

"Na ukitembea?"
Kimya. Kisha:
"Nikishuka feri jioni, kile kilima cha upande wa kisiwani,
watu wananipita tu. Shavu la mguu linabana.
Nasimama, nainama, nafunga kamba ya kiatu
ambayo haijafunguka. Linaachia. Naenda.
Nafunga mara tatu mpaka juu."
Mkewe hajui. Msimamizi hajui.
"Na mwizi akija?"
"Zamani ningesema, mguu niponye.
Siku hizi mguu ndio unaoniambia mimi: niponye."
Tunacheka. Kicheko chake kinaisha kabla ya changu.

Sista Wakesho alitufunza: vidole vitatu,
gumba kamwe, lina mpigo wake, litakudanganya.
Hakusema kwamba hata hivyo vitatu,
ukivikandamiza kwa tamaa, hudanganya.

Mguu wa kulia, juu, kati ya mifupa: upo,
mdogo, mwaminifu.
Nyuma ya kifundo: upo.
Wa kushoto. Natafuta. Nasogea upana wa punje ya mchele.
Nasogea tena.
"Upo," nasema,
tup, tup, tup,
mwendo wa mtu aliyepanda ngazi mbio.
Napeleka mkono wa pili shingoni mwangu.
Tup, tup, tup.

Ni mimi.

Nachukua kile kijimashine tunachoazimana na wenzetu wa Likoni,
napaka jeli. Kulia kunafagiwa,
ufagio wa makuti uani, fya, fya, fya.
Kushoto, mvumo mtupu.
Nyuma kabisa ya kifundo, fagio moja iliyochoka.
Naweka alama ya kalamu hapo, nisije nikaambiwa niliota.

Naandika: mguu wa kushoto, juu ya unyayo,
mpigo haukupatikana kwa vidole.
Siandiki "hakuna."
Haukupatikana; kutafuta kulikuwa kwangu.
Barua ya Makadara naikunja mara mbili.
Leo hii, Bwana Kitsao. Si Jumatatu.
"Na zamu?"
"Zamu itapata mtu mwingine. Mguu hautapata."

Anavaa soksi ya kulia. Ya kushoto anaishikilia tu.
"Ulitabasamu," asema, "uliposema upo."
"Nilikosea."
"Basi ule uliokuwa ukipiga mguuni mwangu,"
anavitazama vidole vyangu,
"ulikuwa wako?"
"Wangu."

Anaivuta soksi, taratibu, juu ya ile alama.
"Ungeuacha kidogo."